Samaki hawafi ila wanaacha kula na wanaacha kuogopa: sumu kidogo ya dawa za mashambani inavyoingia kwenye ubongo wa samaki

Bwawani_Kwetu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie, hili jambo nimekaa nalo moyoni tangu mwezi wa tatu.

Mimi nafuga sato huku Mvomero, Morogoro. Bwawa langu ni mita 20 kwa 25, kina cha maji mita moja hivi, niliweka vifaranga 1,500. Maji nayatoa kwenye mfereji ambao huko juu unapita katikati ya mashamba ya nyanya ya majirani. Wanaofuga wanajua, sato akishakuzoea anakuwa kama kuku, ukikanyaga tu ukingo wa bwawa na ndoo ya pumba mkononi wanakuja wote, maji yanachemka. Wangu walikuwa wanamaliza kilo mbili ndani ya dakika kumi, kila siku saa kumi jioni, na nilikuwa naangalia saa kabisa maana sipendi chakula kikaoze chini.

Basi siku moja nimemwaga pumba zikabaki zinaelea. Wachache wakaja wakadonoa taratibu, wengine wapo tu pembeni karibu na juu ya maji, wamezubaa. Hakuna aliyekufa. Nimesubiri nusu saa mpaka pumba zikaanza kuzama. Kesho yake vile vile. Ila kilichonitisha hasa ni mdiria. Kuna mdiria ana kijiti chake pale juu ya bwawa, siku zote akipiga mbizi mara tano anapata mara moja, maana samaki wakiona kivuli wanatimka. Siku zile akishuka anapanda na samaki, akishuka anapanda na samaki. Kivuli kinapita juu yao hawashtuki. Mimi mwenyewe nikapunga mkono juu ya maji, wapo tu.

Siku tatu nyuma yake majirani walipuliza dawa ya kantangaze, yule mdudu anayemaliza nyanya, kwenye nyanya zao, na usiku ule ule ikanyesha mvua kubwa.

Nikaenda ofisi moja, jina silitaji. Swali la kwanza: wamekufa wangapi? Nikasema hakuna. Nikaambiwa basi maji yako hayana shida, rudi nyumbani. Wakuu ile kauli imeniuma mpaka leo, ndo ikanifanya nikae wiki kadhaa natafuta na kusoma, na nilichokuta ni kwamba si kweli kabisa. Samaki anaweza asife na bado ukawa umempoteza.

Naendelea chini.

Bwawani_Kwetu

Tuanze na ubongo. Neva moja ikitaka kuiambia nyingine kitu inatoa kemikali inaitwa asetilikolini. Fikiria daladala. Konda anagonga bati, dereva anasimama, abiria anashuka, konda anagonga tena, gari inaondoka. Mlio huo unaeleweka kwa sababu unakatika, anagonga halafu kimya. Sasa fikiria konda anagonga bila kuacha, ngo ngo ngo ngo, dereva atajuaje asimame au aende? Kwenye mwili kinachokata ule mlio ni kimeng'enya kinaitwa asetilikolinesterasi, kazi yake ni kuivunja asetilikolini papo hapo ikishafikisha ujumbe. Dawa za kundi la oganofosfati, yaani klopirifosi, diazinoni, malathioni na ndugu zao, zinakishika hicho kimeng'enya na kukikalia. Kabameti kama kabofurani nazo zinafanya hivyo hivyo ila zenyewe zinaachia mapema, saa kadhaa mpaka siku kadhaa. Oganofosfati ikishashika ndo imeshika, mwili inabidi utengeneze kimeng'enya kipya, na kwa samaki hiyo inaweza kuchukua wiki nyingi.

Ndivyo inavyoua mdudu. Na mdudu na samaki na mimi na wewe, hicho kimeng'enya tunacho wote.

Sasa tunapokosea ni hapa. Dawa ikipimwa kwa samaki kipimo kinachotajwa sana ni kile cha nusu kufa, wanaweka samaki kwenye maji yenye dawa saa 96, wanatafuta ni kiasi gani kinaua nusu yao. Aliye hai amehesabiwa mzima. Hakuna anayemuuliza yule aliye hai kama bado anaweza kukimbia, kula, kunusa, kurudi kwao.

Waliouliza ni watu wa kituo cha utafiti wa uvuvi cha NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani ya mambo ya bahari na hali ya hewa, kule Seattle. Wao wana samaki anaitwa samoni, anazaliwa mtoni, anashuka baharini anakua huko, halafu anarudi kuzaa kwenye mto ule ule aliozaliwa, na anaujua kwa harufu. Mwaka 2000 Nathaniel Scholz na wenzake walichukua samoni wadogo wakawaweka kwenye maji yenye diazinoni kwa saa mbili tu. Mikrogramu 1 kwa lita. Halafu wakawamwagia maji yaliyolowekwa ngozi ya samaki mwenzao. Hii harufu ya ngozi iliyochanika ni king'ora, mwanasayansi Karl von Frisch aliigundua mwaka 1938, samaki akiinusa anajua mwenzangu kaliwa, anatulia, anaacha kula, anajificha. Samoni wazima walifanya hivyo. Waliokaa kwenye diazinoni wakaendelea kuogelea na kula kama hakuna kilichotokea.

Na angalieni hapa, hapa ndo pamenifanya nisilale: kuogelea kwao kulikuwa kwa kawaida, kudaka chakula wanachokiona kulikuwa kwa kawaida. Ungesimama kwenye tangi ungesema hawa wazima. Kilichokufa ni woga. Na wale wakubwa waliowekwa kwenye mikrogramu 10 kwa lita, waliorudi kwao walikuwa pungufu kuliko wenzao.

Kambale_Mkavu

Nimesoma yote mkuu. Ila hebu tufafanulie hii mikrogramu, sisi wengine shule ilikuwa mbali. Ni nyingi? Ni kidogo? Maana ukisikia mikrogramu unaona kama hakuna kitu.

Bwawani_Kwetu

Swali zuri sana mkuu. Mikrogramu 1 kwa lita ni gramu moja ya dawa kwenye lita milioni moja za maji. Nimepiga hesabu kwa bwawa langu. Mita 20 kwa 25 kwa kina mita 1 ni lita laki tano. Chupa ya klopirifosi tunayouziwa madukani ile ya 48 ina gramu 480 kwenye lita moja, kwaiyo mililita moja ina karibu nusu gramu. Mililita moja ni matone kama ishirini. Matone ishirini kwenye bwawa langu zima yanafikisha karibu mikrogramu 1 kwa lita.

Sasa mtu anamaliza kupuliza, anasuuza bomba mferejini. Yale masalia ya chini ya tangi, japo yamechanganywa na maji, nayo yana dawa ndani yake, achilia mbali vifuniko na chupa tupu zinazotupwa pale pale kwenye kingo.

Na klopirifosi yenyewe walishaijaribu. Watu wale wale wa Seattle mwaka 2005 walitoa utafiti wa samoni wa aina ya koho, siku nne kwenye maji yenye klopirifosi isiyozidi mikrogramu 2.5 kwa lita. Kimeng'enya kilishuka kwenye ubongo na kwenye misuli, na kadiri kilivyoshuka ndivyo samaki walivyoogelea kidogo na kukimbilia chakula kidogo. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Zile ndo pumba zangu zilizobaki zinaelea.

Afisa_Samaki

Mleta uzi hongera kwa kufuatilia, ila mimi nimefanya kazi na wafugaji muda mrefu lazima niseme. Samaki kuacha kula kuna sababu nyingi sana na dawa ni mojawapo tu. Oksijeni ikishuka hawali na wanakuja juu kuhema, hasa alfajiri. Baridi ikiingia sato anaacha kula. Amonia ikizidi kwa sababu ya chakula kuoza, hawali. Magonjwa nayo. Na mvua kubwa inaleta tope, inashusha joto la maji kwa usiku mmoja. Watu wakisoma huu uzi kila samaki akikosa hamu ataanza ugomvi na jirani. Wewe uliondoaje hizo nyingine?

Na kwenye hesabu yako ongeza kitu. Klopirifosi haipendi kukaa majini, inashikana na tope na majani. Matone ishirini hayatabaki yote kwenye maji.

Bwawani_Kwetu

Asante sana mkuu, haya ndo maswali nilitaka.

Oksijeni: walikuwa hivyo saa kumi jioni jua likiwaka, muda ambao oksijeni bwawani huwa ya juu, na hawakuwa wanahema, midomo imefungwa kabisa, wamezubaa tu. Joto: nina kipimajoto, ilikuwa nyuzi 27, juzi yake 28. Magonjwa: niliwakamata watano nikawaangalia matamvua na ngozi, safi. Halafu nina kibwawa kidogo cha vifaranga kinachopata maji ya chemchemi, hakigusi mfereji. Mvua ile ile, pumba za gunia lile lile, mkono ule ule. Wale walikula siku zote na nikipunga mkono wanatimka. Hicho kibwawa ndo kilichonipa uhakika kwamba tatizo limeingia na mfereji.

La tope uko sahihi, nimekosea kulisema kana kwamba yote inabaki kwenye maji. Ila sato anachokonoa tope huko chini anatafuta chakula, na mvua inavyokorofisha tope la mfereji ndo linaletwa bwawani.

Mama_Nyanya

Samahanini wenzangu na mimi niseme kama mkulima. Nalima nyanya, eka moja na nusu. Kantangaze akiingia shambani usipopuliza wiki hiyo umekwisha, nimeshapoteza shamba zima msimu mmoja, watoto walirudishwa ada. Kwaiyo mtu akiniambia sumu naumia kwa sababu sipulizi kwa kupenda. Dawa moja haimtoi siku hizi, tunachanganya mbili tatu kwenye bomba moja ndo inafanya kazi. Muuza duka mwenyewe anatushauri hivyo. Sasa kaka yangu unataka tufanyeje?

Bwawani_Kwetu

Dada yangu pole sana na wala sikulaumu, na majirani zangu wa huko juu siwalaumu, tunazikana na tunakopeshana. Ila hilo la kuchanganya naomba nilikalie kidogo kwa sababu ndo limebeba hatari kubwa.

Mwaka 2009 Cathy Laetz na wenzake, Seattle hapo hapo, walichukua dawa tano za haya makundi mawili wakazipima kwa samoni wadogo moja moja, halafu mbili mbili. Ungetegemea mbili zikikutana madhara yajumlike. Hayakujumlika, yalizidi. Malathioni ikikutana na diazinoni, au malathioni na klopirifosi, samaki walikufa kwenye viwango ambavyo dawa moja moja peke yake ilikuwa haiui. Sababu mojawapo ni kwamba mwili una vimeng'enya vingine vya ulinzi vinavyoivunja sumu kabla haijafika kwenye neva. Dawa ya kwanza inawamaliza walinzi, ya pili inakuta mlango wazi.

Kwaiyo mkichanganya tatu kwenye bomba moja, kilichoandikwa kwenye lebo ya kila chupa kuhusu samaki hakifanyi kazi tena, maana kila moja ilipimwa peke yake.

Cha kufanya mimi si mtaalam wa nyanya. Ila kuna mitego ya harufu inayowavuta madume wa kantangaze, inakusaidia kujua wameingia lini ili upulize kwa sababu na si kwa kalenda. Bomba lisuuzwe shambani, maji ya kusuuzia yapulizwe kwenye nyanya zile zile, yasiende mferejini. Usipulize mawingu yakiwa yamefunga. Acha ukanda wa majani kati ya shamba na mfereji, hata hatua kumi. Na tuambiane. Mngenipigia tu simu kwamba kesho tunapuliza ningefunga geti la maji siku tano sita, bwawa halikauki kwa siku tano.

Mwanakerewe

Huu uzi umenikumbusha mbali. Wengi humu vijana hamkumbuki thiodani. Kule ziwani wakati ule dawa ya pamba inatoka ushirika inaishia kwenye mitumbwi, mtu anamwaga usiku asubuhi anaokota samaki juu ya maji. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya walifunga soko la samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, ilianzia taarifa za Uganda ila nchi zote tatu tuliumia, viwanda vya minofu vilisimama, watu walikula mihogo mitupu na ziwa liko mlangoni. Kile kilikuwa kifo cha kuonekana ndo maana dunia ilishtuka. Hicho unachosema wewe hakionekani na hakuna atakayefunga soko kwa sababu yake.

Bwawani_Kwetu

Mzee wangu shikamoo. Umesema jambo zito. Thiodani ndo endosalfani, iliingizwa kwenye orodha ya marufuku ya Mkataba wa Stockholm, ule wa mataifa kuhusu sumu zisizooza haraka, mwaka 2011. Hiyo inashambulia mahali pengine kwenye neva, kwenye breki za ubongo, ndo maana samaki wake walikuwa wanatetemeka na kuzunguka kabla ya kufa.

Na klopirifosi Umoja wa Ulaya waliiondoa sokoni kwao 2020. Hata Marekani, Novemba 2008 idara yao ya uvuvi ilitoa maoni rasmi kwamba klopirifosi, diazinoni na malathioni, zikitumika kama zilivyokuwa zinatumika, zinahatarisha uhai wa makundi 27 kati ya 28 ya samoni wanaolindwa kisheria. Na kabla ya hapo, 2004, mahakama iliamuru zisipulizwe ndani ya yadi 20 kutoka kwenye maji ya samoni, na yadi 100 kama ni kwa ndege. Huku kwetu nyanya na mfereji vinagusana.

Fundi_Bomba

Mimi kazi yangu ni kupulizia mashamba ya watu, kibarua, bomba la lita 16 mgongoni, siku nzima naweza kupiga mabomba ishirini. Nimesoma huu uzi mara mbili. Mkuu ulivyoeleza hao samaki kuzubaa... jioni nikirudi nakuwa hivyo hivyo. Kichwa kinauma, mate yanajaa mdomoni, macho yanaona giza kidogo, mke wangu anasema mboni zinakuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Chakula sitaki. Nilikuwa nadhani ni uchovu na jua. Hebu niambie ukweli.

Bwawani_Kwetu

Ndugu yangu huo si uchovu. Mate kujaa, mboni kusinyaa, kichwa, kukosa hamu ya kula, hizo ni dalili za kimeng'enya kile kile kubanwa kwenye mwili wako. Mimi si daktari kwaiyo nakuomba, kesho usipulize, nenda kituo cha afya, na nenda na chupa au lebo ya dawa uliyotumia ili wajue ni kundi gani, maana dawa ya kutibia hii ipo, inaitwa atropini. Ukianza kubanwa kifua au misuli kurukaruka usisubiri kesho, nenda usiku huo huo. Na mwili wako ni kama wa samaki wangu, unahitaji wiki kadhaa bila kugusa dawa ili kimeng'enya kirudi. Ukipumzika siku mbili ukarudi kazini unaongezea juu ya ile iliyopo.

Naomba ukirudi hospitali utuambie humu.

Wa_Ahero

Nawasalimu kutoka Kenya. Hapa kwetu ni mpunga, maji yote ya mashamba yanarudi Mto Nyando na kuingia ziwani. Mimi shida yangu ni hii, tulipeleka maji yetu kwa maabara baada ya samaki kubadilika, tukalipa pesa nyingi, ikarudi hakuna kitu. Sasa tuthibitishe vipi?

Bwawani_Kwetu

Mlichukua maji baada ya siku ngapi? Hizi dawa nyingi kwenye maji zinapungua haraka, jua linazivunja, tope linazishika, maji yanatiririka. Ukifika na chupa baada ya wiki sumu imeshapita, ila alama yake imebaki kwenye kichwa cha samaki.

Ndo maana mimi safari hii sikupeleka maji, nimepeleka vichwa. Nilikamata samaki sita wa bwawa kubwa na sita wa kibwawa cha chemchemi, wa saizi moja, nikawaweka kwenye barafu palepale, nikaenda nao chuoni kwa kijana mmoja anayesomea mambo ya maabara, msimamizi wake akakubali. Wanatoa ubongo, ni kitu kidogo sana wakuu, hata punje ya harage haufiki, wanausaga, wanaweka kitendanishi. Kipimo kinaitwa cha Ellman, kipo tangu 1961. Kimeng'enya kikiwa kinafanya kazi maji yanageuka njano, kikiwa kimebanwa njano inakuja taratibu na inapauka. Nimesimama pale nikaona kwa macho yangu. Vijichupa vya chemchemi vikawa njano kama ua la alizeti. Vya bwawa langu vikawa njano ya chai ya tangawizi iliyozidishwa maji. Hiyo ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu ile mvua.

Samaki kumi na wawili si utafiti, hilo nalijua na yule kijana aliniambia wazi. Ila sasa mtu akiniuliza wamekufa wangapi nina cha kumjibu.

Sayansi_Kidogo

Naomba kuongeza mawili. Moja, si asetilikolini peke yake. Pale Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliweka mayai ya samaki pundamilia kwenye klopirifosi siku tano za mwanzo tu halafu wakawakuza kwenye maji safi. Dopamini kwenye ubongo wa vifaranga ilishuka, na walipokua wakubwa bado walikuwa na shida ya kujifunza na kushtuka kwao hakukuwa kwa kawaida. Kiwango chao kilikuwa kikubwa kuliko cha mito mingi, hilo lisemwe. Ila dopamini ndo inayomsukuma kiumbe kutafuta chakula na kujaribu mambo, kwaiyo mfugaji anayenunua vifaranga aulize na maji ya kule vilikototolewa.

Pili, samaki anaweza asiguswe kabisa na bado akapotea. Japani kuna ziwa linaitwa Shinji limezungukwa na mashamba ya mpunga. Mwaka 1993 walianza kutumia dawa za wadudu za kundi la neonikotinoidi, mfano imidaklopridi. Hizi haziui samaki kirahisi, ndo maana zilionekana salama. Ila zikamaliza vijidudu vya majini ambavyo samaki anakula. Utafiti uliotoka 2019 ulionyesha uvuvi wa dagaa wao mmoja anaitwa wakasagi ulianguka kutoka tani 240 kwa mwaka mpaka tani 22.

Bi_Mkasi

Mimi naishi karibu na mto, nauliza kitu kidogo. Vyandarua vyetu vya dawa tunafulia mtoni, kina mama wote. Na vikichakaa vijana wanavulia. Hiyo nayo inahesabika?

Bwawani_Kwetu

Inahesabika sana mama. Dawa ya chandarua ni ya kundi la pairethroidi, kwa binadamu ina nafuu kubwa ndo maana tunalala chini yake, na tuendelee kulala chini yake kwa sababu malaria inaua watoto. Ila samaki ini lake linaivunja taratibu mno, kwaiyo kidogo tu inamtosha. Uingereza walipima moja ya dawa hizi kwa samoni dume, harufu ambayo jike anaitoa akiwa tayari kutaga dume akashindwa kuinusa vizuri, na kiwango kilikuwa chini sana ya mikrogramu 1 kwa lita. Asiponusa hajiandai, mayai yanabaki bila kurutubishwa, na ukipita mtoni unaona samaki wapo wanaogelea. Chandarua kifuliwe kwenye beseni, na maji yamwagwe ardhini mbali na mto na kisima, hata lebo yake inasema kisifuliwe mtoni wala ziwani.

Kambale_Mkavu

Sasa hao samaki wako tunaweza kuwala?

Bwawani_Kwetu

Mkuu mimi nimesimamisha kuvua na sijauza hata mmoja, japo nilikuwa na mteja wa Pasaka na nimemrudishia hela yake. Siwezi kumuuzia mtu kitu ambacho mimi mwenyewe sijampa mwanangu. Oganofosfati nyingi hazikai mwilini mwa samaki kama DDT au endosalfani ambazo zinajificha kwenye mafuta, ila tangi la jirani lilikuwa na mchanganyiko na majina yote siyajui. Mpaka wale kawaida, wakimbie kawaida, na vichwa vipimwe tena, ndo nitavua.

Fundi_Bomba

Wakuu nilienda. Wamenipima damu wamesema nisipulize mwezi mzima, wamenipa na tarehe ya kurudi. Mwenye shamba nimemwambia. Anatafuta mtu mwingine. Huyo mtu mwingine nimempigia simu nikamsomea huu uzi.

Mama_Nyanya

Kaka yangu nimeongea na wenzangu kikundi cha huku kwetu, tumekubaliana bomba hakuna kusuuza mferejini, atakayekutwa analipa faini elfu ishirini. Mitego tumeagiza kumi kwanza tuone. Kuchanganya sijaahidi kuacha, sitaki kudanganya, ila tumesema tupige moja moja kwa nusu shamba msimu huu tulinganishe.

Bwawani_Kwetu

Dada Mungu akubariki, na mimi naomba unitumie majibu ya hiyo nusu shamba nikawaonyeshe majirani wa huku. Fundi nashukuru kwa simu uliyompigia mwenzio.

Mrejesho wa bwawa: leo ni siku ya arobaini na moja. Pumba kilo mbili wamemaliza kwa dakika kumi na nne. Mdiria amekaa kwenye kijiti chake kutwa nzima, nimemhesabia mbizi saba, kapata mmoja. Jirani wa juu kanitumia ujumbe saa nane kwamba kesho asubuhi wanapuliza, nimeshafunga geti na nimeziba na mfuko wa mchanga pale linapovujia.

Afisa_Samaki

Siku ya sitini chukua tena sita na sita. Nitakuja na barafu.